Filamu nazo huuzwa njuti: Kwa nini watengenezaji wanawakimbia wasambazaji wakubwa

MKULIMA wa kakao wa Kyela hahitaji kuelezwa maana ya njuti. Ada ya mtoto inapodaiwa, au mgonjwa anapolazwa kabla ya msimu, mnunuzi hufika nyumbani na fedha taslimu akainunua kakao ingali mbichi au ingali mtini. Bei huwa ya kutupa, lakini fedha ni za leo. Msimu ukifika na bei ikapanda, anayecheka si aliyepanda mti.

Biashara ya filamu za Kiswahili haina shamba wala mti, lakini imekuwa na njuti yake. Kwa miaka mingi watengenezaji waliwauzia wasambazaji wa Dar es Salaam filamu nzima kwa fedha za mkupuo, na haki zote zikaenda na mzigo. Walipoona njia nyingine za kumfikia mtazamaji, waliondoka mmoja baada ya mwingine. Matokeo yake yamefika hadi huku mwisho wa barabara, kandokando ya Ziwa Nyasa. Duka la filamu za kwenye makasha, lililokuwa halikosekani katika mji mdogo wowote wa Tanzania, sasa ni la kutafutwa kwa tochi.

Swali la kwa nini mwenye mali anamkimbia msambazaji mkubwa si la Tanzania peke yake. Huko Japani, studio za filamu za watu wazima nazo zimo katika mvutano wa kubaki au kuondoka katika majukwaa makubwa ya mtandaoni. Mali yenyewe ni marufuku hapa nchini. Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 zinaikataza, na hakuna mfanyabiashara anayeshauriwa kuigusa. Lakini biashara ni biashara, na mambo yanayozisukuma studio hizo ndiyo yaliyowasukuma watengenezaji wa Dar es Salaam: hesabu isiyoonekana, wizi wa kazi, na lango la malipo lililo mikononi mwa mtu mwingine.

Mwenye fedha ndogo anayeshawishiwa kuingiza mtaji katika filamu, tamthilia au kituo cha video mtandaoni anapaswa kuyajua hayo kabla ya kutoa hata shilingi.

BARABARA MOJA

Filamu za video za Kiswahili zilianza kushika soko mwanzoni mwa miaka ya 2000. "Girlfriend", iliyoongozwa na George Tyson, ilitoka mwaka 2003 na kuwaonyesha wafanyabiashara kuwa Watanzania wako tayari kulipia sura zao na lugha yao. Katika kipindi hicho hicho Mussa Banzi alitoa filamu ya kutisha iitwayo "Nsyuka", jina ambalo Mnyakyusa halihitaji mkalimani, kwani ukusyuka ni kufufuka.

Mali yote ilitokea Kariakoo. Mtengenezaji alikuwa na kamera, hadithi na waigizaji. Hakuwa na mashine za kurudufu maelfu ya kopi, hakuwa na mtaji wa kuchapa makasha, wala hakuwajua wauzaji wa jumla wa Mbeya, Mwanza na Arusha. Msambazaji alikuwa na hivyo vyote. Miongoni mwa wasambazaji hao, Steps Entertainment ndiyo iliyokuja kuwa kubwa, na filamu za waigizaji waliopendwa kama Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilipitia kwake.

Mzigo ulisafiri kwa basi hadi Mbeya, ukateremka Tukuyu, kisha Kyela. Mwenye duka alinunua kwa jumla na kuuza rejareja. Mwenye kibanda umiza alinunua kopi moja, akaiwasha mbele ya benchi zilizojaa watu, na kila kichwa kikalipa kiingilio. Kati ya fedha za benchi hizo hakuna iliyorudi kwa mtengenezaji.

Mkataba wa kawaida ulikuwa mwepesi kueleweka. Mtengenezaji alipeleka masta, yaani kopi mama, na msambazaji akamlipa kiasi walichokubaliana. Mara nyingi sehemu ya fedha hizo ilikuwa imetangulia kabla ya kamera kuwashwa, kwa sababu mtengenezaji hakuwa na mtaji wa kuanzia. Baada ya hapo filamu haikuwa yake tena. Ikichapwa mara ya pili, hakulipwa. Ikiuzwa kwa televisheni, hakulipwa. Kopi mama ilikaa kabatini kwa mnunuzi.

Haki lazima isemwe: msambazaji hakuwa mwizi kwa sababu tu alinunua kwa mkupuo. Alibeba hatari. Chukua mfano wa hesabu za kubuni. Msambazaji anamlipa mtengenezaji sh. milioni 10. Kila kopi, baada ya gharama ya diski, kasha na usafiri, inamwachia sh. 500. Akiuza kopi 40,000 anapata sh. milioni 20, na faida yake ni sh. milioni 10. Akiuza kopi 10,000 anapata sh. milioni 5, na hasara ni yake peke yake. Mtengenezaji ana fedha zake mfukoni katika hali zote mbili.

Kwa hiyo mkupuo ni bei ya kuikwepa hatari. Ugomvi unaanza pale ambapo muuzaji hawezi kujua ni kopi 40,000 au 10,000. Asipojua, filamu yake inayofuata ataiuza kwa kubahatisha, na anayejua hesabu ndiye atakayepanga bei.

HESABU ISIYOONEKANA

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kuondoka. Mtengenezaji alikutana na kazi yake Tunduma, Kasumulu na hata ng'ambo ya mpaka, akaikuta katika mabasi ya mikoani, lakini hakuwa na karatasi inayomwambia zimeuzwa ngapi. Mkulima angalau anaona gunia lake likipanda mizani. Mtengenezaji wa filamu hakuona gunia wala mizani.

Giza hilo lilizaa mambo mengine. Hadithi moja ilikatwa vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili, ya kwanza na ya pili. Kasha lilibeba sura ya mwigizaji maarufu hata kama anaonekana kwa dakika chache, kwa kuwa sura ndiyo iliyouza. Mtengenezaji chipukizi asiye na sura ya kuweka kwenye kasha aliambiwa filamu yake haina soko. Inawezekana ilikuwa kweli na inawezekana haikuwa kweli, lakini hakuwa na takwimu za kubishia.

Mambo ya namna hiyo yanawasumbua pia wauzaji wa majukwaa ya mtandaoni duniani. Jukwaa likiuza filamu kwa ada ya mwezi, mtazamaji anatazama atakavyo, na fedha zinagawanywa kwa kanuni iliyopangwa na mwenye jukwaa. Majina na anwani za wanunuzi zinabaki kwake. Siku jukwaa likishusha bei ili kuvuta watu, studio inaambiwa ikubali au iondoe mali yake. Ndiyo maana baadhi ya studio kubwa hufungua duka lake lenyewe: uuzaji unaweza kuwa mdogo, lakini daftari linabaki nyumbani.

WIZI ULIKULA BEI

Sababu ya pili ni wizi wa kazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na chombo cha kuisimamia, COSOTA, kipo. Mwaka 2013 zikaanza kutumika stempu za kodi kwa bidhaa za muziki na filamu, zinazobandikwa kwenye kasha ili mali halali itofautishwe na ya kudurufu. Nia ilikuwa nzuri. Lakini stempu ilibandikwa kwenye mali ya anayefuata sheria, na gharama na usumbufu vikawa vyake. Anayedurufu usiku hakubandika kitu, naye akauza kwa bei ya chini.

Diski moja ya kudurufu iliweza kubeba filamu nyingi za nje kwa bei ya filamu moja ya Kiswahili. Juu yake zikaja filamu za nje zilizotafsiriwa, ambazo msimulizi anazungumza Kiswahili juu ya picha na kuongeza utani wa mitaani. Sauti ya Lufufu, mmoja wa wasimulizi wa mwanzo waliovuma, ilijulikana katika vibanda vingi vya nchi. Kwa mtazamaji ni burudani tupu. Kwa mtengenezaji wa Kitanzania ni mshindani asiyeshindika, kwa sababu hiyo filamu ya nje imeingia sokoni bila mtu wa kulipwa. Haina mwigizaji anayedai, haina mwenye nyumba ya kupigia picha, haina chakula cha watu kambini. Gharama yake ni diski na umeme.

Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo wakipinga uuzaji wa filamu za nje zisizofuata taratibu. Wafanyabiashara wa diski nao walikuwa na hoja yao: mteja ndiye anayechagua, na mteja alichagua bei. Wakati pande hizo mbili zikivutana, mteja mwenyewe alikwishaanza kuziacha diski.

Alihamia kwenye flashi na memori kadi. Katika miji ya ukanda wa ziwa, kama kwingine nchini, kijana mwenye kompyuta moja na meza moja alianza kuingiza nyimbo na filamu kwa malipo madogo. Mteja akaondoka na filamu nyingi ndani ya kitu kisichozidi ukucha. Hapo kasha, stempu na diski vyote vikapitwa na wakati. Msambazaji aliyekuwa ameweka fedha kwenye mashine za kurudufu na maghala alibaki na mtaji uliolala. Alipopunguza mkupuo anaowalipa watengenezaji, hakuwa na la kufanya, kwani hakuna anayenunua njuti akijua msimu umekufa.

Mwenye duka wa Kyela alipata pigo la pande mbili. Mali aliyoinunua kwa jumla ililala, na kijana wa flashi aliyeketi mlangoni pake hakulipa leseni wala kodi ya pango inayolingana na yake. Wengi walibadili biashara, wakaingia kwenye uwakala wa fedha kwa simu na uuzaji wa vifaa vya simu. Rafu zilizobeba filamu sasa zimebeba chaja.

NJIA MPYA NA MASHARTI YAKE

Watengenezaji hawakuondoka kwa hasira tu. Waliondoka kwa sababu njia mpya zilifunguka. Azam TV ilianza kurusha matangazo Desemba 2013, na baadaye ikawa na chaneli ya Sinema Zetu kwa filamu za Kiswahili. Upande wa DStv ilikuja Maisha Magic Bongo. Filamu ya saa moja na nusu ikaanza kuipisha tamthilia ya vipande vingi, na majina kama "Huba" na "Jua Kali" yakawa mazungumzo ya jioni.

Kwa mtengenezaji, televisheni ilileta kitu ambacho Kariakoo haikukileta: kazi ya mfululizo na tarehe ya malipo. Waigizaji wanapata ujira wa kila mwezi, mafundi hawakai bila kazi, na hakuna anayehangaika na kopi feki za mjini. Lakini mwenye kuamua kuweka fedha hapo asome mkataba hadi mwisho. Chaneli inapogharimia kazi nzima, kwa kawaida inataka kuimiliki. Kwa maneno ya Kyela, hiyo nayo ni njuti, isipokuwa mnunuzi huyu anakulisha hadi mavuno. Si lazima iwe mbaya. Ubaya ni kudhani unamiliki shamba wakati wewe ni kibarua.

Njia nyingine ni YouTube. Hapa mtengenezaji hahitaji kumwomba mtu. Anapakia, na mtu wa Matema mwenye simu ya mtandao anatazama saa ile ile anayotazama mtu wa Masaki. Masharti yako wazi. Tangu mwaka 2018, ili kituo kiingie katika mgawo kamili wa fedha za matangazo kinatakiwa kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na kwa video ndefu mwenye kituo hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo yanayowekwa kwenye video zake. Malipo hayatoki mpaka kiasi kifikie dola 100.

Kilichowavuta wengi si hiyo asilimia. Ni daftari. Mwenye kituo anaona watu wangapi wametazama, wa nchi gani, na wamekimbia dakika ya ngapi. Kwa mara ya kwanza mtengenezaji wa filamu wa Tanzania anaiona mizani yake mwenyewe.

Hata hivyo mizani hiyo ina mwenyewe, naye hayuko Kariakoo wala Posta, yuko California. Thamani ya tangazo hutegemea mtazamaji yuko wapi, na watazamaji wengi wa nyumbani hawalipi kama Mtanzania aliyeko Ulaya au Marekani. Tangu mwaka 2021 Marekani hukata kodi katika sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji walioko huko, na kwa nchi isiyo na mkataba wa kodi nayo, kama Tanzania, makato hayo ni asilimia 30. Kanuni zikibadilishwa, hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Aliyemkimbia msambazaji mmoja mkubwa amejikuta mbele ya mwingine mkubwa zaidi, tofauti ikiwa kwamba huyu anaonyesha hesabu.

LANGO LA MALIPO

Kisa cha Japani kina funzo ambalo wafanyabiashara wengi hulisahau. Mtu anaweza kuwa na mali, akawa na duka, akawa na wateja, na bado biashara ikafungwa na anayepitisha fedha.

Desemba 2020 kampuni za kadi za Visa na Mastercard zilisitisha malipo katika tovuti kubwa ya Pornhub, baada ya gazeti la New York Times kuandika juu ya video za unyanyasaji zilizokutwa humo. Tovuti hiyo ikaondoa mamilioni ya video zilizopakiwa na watu wasiothibitishwa. Aprili 2024 zamu ikawa ya DLsite, duka la mtandaoni la Japani linalouza michoro, michezo na sauti za watu wazima. Likasimamisha malipo ya Visa na Mastercard baada ya mvutano juu ya mali inayoruhusiwa kuuzwa. Muuzaji mdogo aliyekuwa humo hakuulizwa. Alichoona ni wateja kushindwa kulipa.

Sheria nayo ilibadilika. Juni 2022 Bunge la Japani lilipitisha sheria ya kuwalinda waigizaji wa filamu hizo. Lazima upite mwezi mmoja kati ya mkataba na kupiga picha, na miezi minne kati ya kumaliza kupiga picha na kutoa filamu, naye mwigizaji anaweza kuvunja mkataba bila masharti ndani ya mwaka mmoja baada ya filamu kutoka. Kwa mwigizaji aliyelazimishwa hiyo ni kinga ya lazima. Kwa mhasibu wa studio maana yake ni kwamba fedha zinalala zaidi ya miezi mitano kabla ya kuuza hata kopi moja, na filamu iliyoko sokoni inaweza kuondolewa. Mali ya namna hiyo haivumilii kamisheni kubwa ya jukwaa. Studio inatafuta mahali inapoweza kuiondoa mali yake haraka, ikajua aliyenunua ni nani, na ikalipwa bila kupitia milango mingi.

Tanzania ina malango yake. Mwaka 2018 Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni ziliwataka watoa maudhui kujisajili na kulipa ada zilizofika sh. milioni 2.1 kwa jumla, na vijana wengi wenye vituo vidogo walijikuta nje ya mlango. Kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho baadaye, lakini fundisho lilibaki. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kati ya sh. 10 na sh. 10,000 kwa muamala. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba ndani ya miezi michache ilipunguzwa kwa asilimia 30. Aliyekuwa akipanga kuuza filamu kwa sh. 500 au sh. 1,000 kwa simu aligundua kuwa katika bei ndogo kila makato yanauma.

Kwa hiyo anayesema "nitauza mwenyewe" aulizwe swali moja la ziada: utalipwa kupitia kwa nani, na huyo naye akifunga mlango utafanya nini?

SOKO KUBWA SI ADUI

Kuna hatari ya kusoma habari hizi vibaya na kuhitimisha kwamba kila msambazaji mkubwa ni wa kukimbiwa. Kyela yenyewe inatoa ushahidi wa kinyume.

Katika miaka ya karibuni kakao imekuwa ikikusanywa na vyama vya msingi vya ushirika na kuuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mfumo huo una lawama zake, hasa ucheleweshaji wa malipo unaomrudisha mkulima mwenye shida mikononi mwa mnunuzi wa njuti. Lakini mzigo unapimwa, stakabadhi inaandikwa, na bei ya mnada inatajwa hadharani. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza katika historia, kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya. Aliyekuwa na stakabadhi mkononi aliweza kuidai bei hiyo mpya. Aliyekwisha kuuza njuti aliisikia redioni.

Upande wa Matema uko mfano mdogo zaidi. Wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu Ikombe, huvivusha kwa mitumbwi, na kuviuza katika mnada wa Jumamosi wa Lyulilo. Mfinyanzi anamwona mnunuzi, anaona chungu kipi kimeshikwa na kurudishwa, na anajua amebakiza vingapi. Akimuuzia mchuuzi wa Mbeya mzigo wote kwa bei ya jumla, anafanya hivyo akiijua bei ya rejareja. Huyo hadanganyiki kirahisi.

Kwa vigezo hivyo, kilichowakimbiza watengenezaji wa filamu si ukubwa wa msambazaji. Ni kwamba alishika vitu vitatu peke yake: kopi mama, hesabu na malipo. Angewaachia hata kimoja, wengi wangebaki, kwa sababu kusafirisha mali kutoka Dar es Salaam hadi Kasumulu ni kazi ambayo mtengenezaji haiwezi wala haitaki.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Mfanyabiashara wa Kyela, Rungwe au Mbeya anayeombwa kuchangia filamu au tamthilia aanze na karatasi, waigizaji watafuata. Aulize kazi hiyo itamilikiwa na nani baada ya kutoka, na jina gani limeandikwa COSOTA. Kama haki zote zinakwenda kwa chaneli au msambazaji, basi fedha zake ni mkopo wa muda na alipwe kama mkopeshaji, kwa kiasi na tarehe. Asiahidiwe mgawo wa faida ya mali ambayo hata aliyemwomba haimiliki.

Kama haki zinabaki, aulize ni kwa muda gani na kwa njia zipi. Kumpa msambazaji haki ya televisheni kwa miaka miwili ni jambo moja, na kumpa kila kitu milele ni jambo lingine kabisa. Mkataba unaoweza kukatwa kwa njia na kwa muda ni sawa na kukodisha shamba kwa msimu. Mkupuo ukilazimika kupokelewa, uambatane na kifungu cha mrabaha baada ya idadi fulani ya mauzo, na haki ya kukagua vitabu mara moja kwa mwaka. Msambazaji anayekataa kabisa kukaguliwa amekwisha jibu swali.

Mwenye kituo cha YouTube anayetafuta mbia aonyeshe ukurasa wa mapato wenyewe, si picha ya idadi ya watazamaji. Watazamaji laki moja wanaweza kuwa na fedha kidogo kuliko elfu ishirini, kutegemea wako wapi na wametazama kwa muda gani. Mapato yote yakiingia kwa jina la mtu mmoja na akaunti ya mtu mmoja, mbia mwingine hana kitu hata kama ndiye aliyenunua kamera.

Mwenye duka au kibanda cha kuingiza filamu naye asijidanganye kuwa wizi wa kazi ni biashara ya kudumu. Mteja aliyehama kutoka kwenye diski kwenda kwenye flashi anaweza kuhama kutoka kwenye flashi kwenda kwenye simu yake mwenyewe, na bando likishuka bei hatarudi. Palipo na mustakabali ni penye huduma ambayo simu haitoi: skrini kubwa ya mpira na filamu iliyolipiwa, uwakala wa ving'amuzi na malipo yake, ukarabati wa vifaa. Faida ni ndogo, lakini haikamatwi na askari.

Watengenezaji walioondoka kwa wasambazaji wakubwa hawajafika nchi ya asali. Baadhi wamerudi kuomba kazi kwenye chaneli, baadhi wanasubiri dola 100 zitimie, na wachache wameneemeka. Wote wamejifunza kilekile ambacho mkulima wa kakao alikilipia mwaka 2024. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari likishikwa na mnunuzi peke yake, habari hufika mali ikiwa imekwisha ondoka.